Kompyuta zimeongezeka, kwa nini majarida yake yamekufa?

Mwalimu wa Tanga (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Ninafundisha somo la kompyuta katika shule moja ya sekondari hapa Tanga. Wiki mbili zilizopita, tulipokuwa tukisafisha stoo ya maktaba, tulikuta masanduku matatu ya majarida ya kompyuta yaliyoletwa kwa msaada kutoka nje miaka mingi iliyopita, na kwa jinsi kamba zilivyofungwa ni dhahiri kwamba hayakuwahi kufunguliwa. Yamo matoleo ya BYTE ya kuanzia mwaka 1988 hadi 1997, PC Magazine, Personal Computer World ya Uingereza, na machache ya Compute! ya mwaka 1985 na 1986. Mchwa wameonja sanduku moja, lakini mengine yako salama.

Tangu siku hiyo ninayasoma kila jioni, na kuna jambo linalonitatiza. Katika miaka ambayo kompyuta zilikuwa chache na ghali, majarida haya yalikuwa manene kama kitabu cha simu. Leo, ambapo wanafunzi wangu wengi nyumbani kwao hakukosekani angalau simu yenye nguvu kuliko mashine zote zinazosifiwa humo, majarida yenyewe hayapo tena. Mtu angetegemea kinyume chake. Jibu ninalopewa kila ninapouliza ni kwamba intaneti iliyaua, lakini jibu hilo naliona fupi mno, kwa sababu vitabu havikufa, na hata magazeti ya kila siku, ingawa yamedhoofika, bado tunayaona mezani kwa wauzaji. Je, kitu gani hasa kilitokea? Na pili, uongozi wa shule unaihitaji stoo hiyo. Je, yamo ya kutunzwa, au yote yaende kufungia maandazi?

Mstaafu wa Leicester

Mwalimu, salaam kutoka Uingereza. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilifanya kazi katika duka la magazeti karibu na stesheni ya reli, na rafu ya kompyuta nilikuwa nikiipanga mimi, hivyo niliyaona majarida haya yakishamiri na nikayaona yakiondoka.

Nianze na gharama ya kukosea. IBM PC ya kwanza, ya mwaka 1981, bei yake ilianzia dola 1,565, tena bila skrini na bila kiendeshi cha diski. Mtu aliyekusudia kutoa fedha kama hizo kwa kitu asichokielewa aliona ni busara kutoa kwanza dola chache za jarida ili asije akajuta. Isitoshe, mashine za wakati ule hazikuelewana hata kidogo: programu ya Commodore haikukubali kwenye Sinclair, ya Sinclair haikukubali kwenye Apple, na kila ukoo wa mashine ukawa na majarida yake. Windows ilipotawala, koo hizo zikapotea pamoja na majarida yaliyozitegemea, kabla hata watu wengi hawajaisikia intaneti. Compute! uliyo nayo, kwa mfano, ilikoma mwaka 1994.

Lakini kiini cha jibu lako kiko kwenye matangazo. Msomaji hakuwa ndiye aliyelilisha jarida. Alichokilipa kilichangia karatasi na usafirishaji, na mishahara ya wahariri ilitoka kwa wauzaji wa vifaa. Chukua Computer Shopper ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1979. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 toleo lake moja liliweza kupita kurasa 800, tena kurasa pana, na sehemu kubwa ya kurasa hizo ilikuwa orodha za bei za wauzaji waliokuwa wakituma mizigo kwa posta. Watu walilinunua kwa ajili ya matangazo hayohayo. Walikaa nayo jioni, kalamu mkononi, wakilinganisha bei ya kumbukumbu ya kompyuta (RAM) kwa muuzaji huyu na yule.

Sasa fikiria: jarida la mwezi huanza kuandikwa miezi miwili au mitatu kabla ya kufika dukani, ilhali bei ya diski au ya prosesa hubadilika wakati wowote. Dell ilipoanza kuuza kompyuta kupitia tovuti yake mwaka 1996, orodha ya bei iliyochapwa ikawa imechakaa kabla haijasomwa, na muuzaji akaona hana sababu ya kulipia ukurasa. Tangazo ndilo lililoondoka kwanza, msomaji akafuata baadaye. Wengi husimulia kinyume, na ndiyo sababu hawawezi kueleza kwa nini BYTE, lililoanza Septemba 1975 na kuheshimiwa na wahandisi duniani kote, lilisimamishwa baada ya toleo la Julai 1998 ilhali lingali na wasomaji wengi. Kampuni ya McGraw-Hill ilikuwa imeliuza kwa CMP mwaka huohuo, na mnunuzi akaufunga ukurasa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008 ulikuta majarida yaliyobaki yamekonda tayari, na toleo la mwisho la PC Magazine la karatasi likatoka Januari 2009. Computer Shopper likafuata miezi michache baadaye, na katikati ya mwaka huo ikawa zamu ya Personal Computer World, lililokuwa likitoka hapa Uingereza tangu 1978. Nina kumbukumbu ya mzee mmoja, mteja wetu wa miaka mingi, aliyekuja miezi mitatu mfululizo kuliulizia, na kila mara nilimweleza kwamba halitarudi, naye kila mara aliniomba niangalie tena ghalani. Niliangalia. Huko Marekani PC World iliacha karatasi mwaka 2013, Macworld mwaka 2014, na mwaka 2023 Maximum PC na MacLife zikahitimisha.

Kuhusu kutunza, usitupe Compute! hata moja, na BYTE utunze yote ukiweza. PC Magazine unaweza kupunguza, kwa kuwa ulinganisho wa printa za mwaka 1993 hautamsaidia mwanafunzi.

Fundi wa Kariakoo

Mwalimu, shikamoo. Mzee wa Leicester, shikamoo pia, na ahsante kwa maelezo. Naomba niongeze upande wa huku kwetu, kwa sababu kalenda yetu ilikuwa tofauti.

Altair 8800, kompyuta ambayo wengi huihesabu kuwa chanzo cha majarida haya, ilionekana kwenye jalada la Popular Electronics la Januari 1975. Sisi Tanzania mwaka mmoja nyuma, 1974, serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ililegezwa polepole miaka mingi baadaye. Kwa hiyo enzi ambayo vijana wa Marekani na Uingereza walikuwa wakinakili programu za BASIC, lugha rahisi ya kuandikia programu, kutoka kurasa za majarida kwenda kwenye mashine zao, hapa hapakuwa na mashine ya kunakilia. Majarida yalitufikia sisi mwishoni, yakiwa mitumba.

Mimi niliyanunua Mtaa wa Samora, kwa wauza vitabu wa chini, yakiwa na umri wa mwaka au miwili, na kusema kweli nilichokuwa nikikitafuta ni CD iliyobandikwa kwenye jalada. Kwa wasioijua enzi hiyo: intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, ilikuwa ghali na ya kusuasua, na kupakua programu ya megabaiti 30 katika intaneti kafe kungemaliza jioni nzima na fedha yote ya mfukoni. CD moja ilibeba megabaiti 650. Nilipopata jarida ambalo CD yake haijachomolewa, nilitembea nalo nyumba hadi nyumba nikiwawekea wateja programu za kukinga virusi, za kubana mafaili, za kila namna. Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa mkoba na CD kumi na nne.

Mabadiliko kwetu yalikuja Julai 2009, mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulipowashwa na kuifikia Dar es Salaam na Mombasa. Ni mwaka uleule mzee alioutaja, ingawa kwa sababu nyingine kabisa. Ndani ya miaka michache hakuna aliyeihitaji CD, na wauzaji wa Samora wakaacha kuleta majarida ya kompyuta.

Ninachokikosa lakini si CD. Siku moja nilinunua jarida kwa sababu ya programu ya virusi, na ndani ya daladala, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, nikasoma makala ya kurasa sita juu ya pawasaplai: namna inavyopokea umeme, kwa nini kapasita huvimba, kwa nini kompyuta inayozima bila sababu mara nyingi haina virusi wala kasoro ya programu bali umeme wake haujatulia. Sikuwa nimeuliza swali hilo, wala nisingejua kuliuliza. Hadi leo, nusu ya mashine zinazoletwa mezani kwangu ugonjwa wake ni huo, na wenzangu waliojifunza kwa kutafuta jibu la tatizo moja moja mtandaoni bado huanza kwa kufuta Windows na kuiweka upya.

Msomaji wa Mombasa

Mwalimu, hujambo. Nimewasoma wakubwa kwa makini, na mengi nayakubali, ila kuna mawili naona yamepambwa.

Kwanza, jarida linalolishwa na muuzaji lina mdomo uliofungwa nusu. Zipo timu zilizopima vifaa kwa uadilifu, na maabara ya PC Magazine ilijijengea jina kwa vipimo vyake, lakini msomaji hakuwa na njia ya kujua ni kipi hakikuandikwa kwa kuchelea kumpoteza mtangazaji. Tovuti kama Tom's Hardware, iliyoanza 1996, na AnandTech, iliyoanza 1997, zilipendwa kwa sababu zilikwenda ndani zaidi kuliko karatasi ilivyoweza kubeba. Huzuni ni kwamba AnandTech nayo ilisimamisha uchapishaji Agosti 2024, kwa hiyo kilichowapata wa karatasi kimewafuata wa tovuti: matangazo yamekwenda tena, safari hii kwenye majukwaa ya utafutaji na ya video.

Pili, majarida hayo yote yalikuwa ya Kiingereza. Mamangu, aliyekuwa karani mwenye akili nyingi, hakuweza kuyafaidi, na leo anafuata maelezo ya Kiswahili kwenye simu na kurekebisha mipangilio yake mwenyewe bila kunipigia. Tukihesabu kilichopotea, tukihesabu pia hicho kilichopatikana.

Tena si kweli kwamba karatasi imekufa kila mahali. Ujerumani jarida la kompyuta liitwalo c't, lililoanza 1983, bado linachapwa, na wasomaji wake hulilipia. Uingereza, Novemba 2015, jarida la The MagPi lilitoka na kompyuta nzima, Raspberry Pi Zero, imebandikwa juu ya jalada kama zawadi. Mashine hiyo iliuzwa dola 5. Mzee ametaja dola 1,565 za mwaka 1981. Nadhani katika namba hizo mbili mwalimu atapata sehemu kubwa ya jibu lake, kwa kuwa mtu hahitaji mshauri kabla ya kununua kitu cha dola 5.

Kuhusu masanduku: kabla ya kutunza, angalia Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. BYTE na Compute! zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa huko bure. Tunza zile wanafunzi watakazozigusa.

Mwalimu wa Tanga

Nawashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake. Sikuwa nimefikiri kwamba tangazo lilitangulia kuondoka kabla ya msomaji, na sasa ninapoyapekua matoleo ya BYTE naliona hilo kwa macho: lile la 1988 ni zito mkononi, na la 1997 ni jepesi kiasi kwamba nililidhani limechanika.

Ushauri wa kuwapa wanafunzi wayaguse nimeufuata mara moja. Jumamosi niliwaita wanane wa kidato cha tatu, nikawawekea kwenye kompyuta programu ya bure iitwayo VICE, inayoigiza Commodore 64, nikawapa Compute! ya mwaka 1986 na kuwaambia wanakili mchezo mfupi mstari kwa mstari. Jarida lenyewe linatoa programu ndogo ya kuhakiki, ambayo hutoa alama kwa kila mstari ili anayenakili ailinganishe na iliyochapwa, lakini kwa haraka yao waliiruka. Walitumia saa mbili na nusu, na mchezo ukagoma. Binti mmoja akaanza kuusoma upya tangu juu, kwa sauti, mwenzake akifuatisha kidole kwenye karatasi, hadi wakagundua kwamba mahali pawili waliandika herufi O badala ya sifuri. Ulipokubali walipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Kisha yule binti akauliza mstari wa katikati unafanya nini hasa, swali ambalo kwa miaka sita ya kufundisha kwa kompyuta zenye kila kitu tayari sijawahi kuulizwa.

Uongozi umekubali kabati moja libaki. Compute! zote zinaingia, BYTE zinaingia hadi nafasi itakapokwisha. Sasa ninaomba msaada wa mwisho kwa yeyote anayetunza karatasi ukanda huu wa pwani: unyevunyevu wa Tanga mnaujua, na kabati ni la mbao. Je, nitumie mifuko ya plastiki, au plastiki itazidisha ukungu?