Programu moja kuiamsha nyingine kwenye Linux: D-Bus, anwani maalumu au mstari wa amri?

Mtunza_Ghala

Habari za kazi, wanajukwaa. Nina programu mbili nilizoziandika kwa Python na GTK (maktaba ya kutengenezea madirisha na vitufe) kwa ajili ya duka la vipuri, na zote hutumika kwenye kompyuta moja yenye Ubuntu. Ya kwanza hutunza hesabu ya bidhaa zilizomo ghalani, na ya pili hutayarisha stakabadhi na kuzipeleka kwenye printa. Kwa sasa, muuzaji anapobonyeza kitufe cha kutoa stakabadhi, programu ya ghala huandika faili ya muda ndani ya /tmp, kisha huiita programu ya stakabadhi kwa mstari wa amri na kuipa jina la faili hiyo.

Tatizo ni kwamba kila mbonyezo huzaa nakala mpya ya programu. Muuzaji mwenye haraka akibonyeza mara tatu hupata madirisha matatu, na nakala hizo zinapogombania hifadhidata moja ya SQLite, mojawapo hupokea ujumbe wa "database is locked" na kukwama. Isitoshe, programu ya ghala haina namna ya kujua iwapo stakabadhi imechapishwa, wala imepewa nambari gani. Je, D-Bus, yaani mfumo wa programu kutumiana ujumbe ndani ya kompyuta moja, ndiyo njia inayofaa hapa, au inatosha kuandikisha anwani ya aina yangu mwenyewe, kama vile stakabadhi://?

Kiungo_Mezani

Anwani maalumu ni rahisi kuliko vyote. Unaongeza MimeType=x-scheme-handler/stakabadhi; kwenye faili ya .desktop (inayoitambulisha programu kwa mfumo) ya programu inayopokea, halafu programu ya ghala inaita xdg-open, amri ya kufungua anwani kwa programu iliyoandikishwa. Hata hivyo, njia hiyo hupeleka ujumbe upande mmoja tu, na peke yake haizuii nakala ya pili kufunguka. Kumbuka pia kwamba ukishaiandikisha, hata ukurasa wa wavuti unaweza kujaribu kuifungua, kwa hiyo kila kinachofika kupitia anwani hiyo kikaguliwe kama kitu kilichotoka kwa mgeni.

Nyuzi_na_Nyaya

Ndugu Mtunza_Ghala, kwa kuwa unahitaji kurudishiwa jibu, nakushauri uende moja kwa moja kwenye D-Bus. Ilianza kutengenezwa mwaka 2002, toleo la 1.0 likatoka mwaka 2006, na kwa kuwa GNOME na KDE zote huitumia, programu zako zitaelewana bila kujali muuzaji amechagua mazingira gani ya mezani.

Jambo la msingi ni kwamba programu ya ghala haipaswi kujua programu ya stakabadhi imewekwa wapi, wala kama imekwisha kufunguliwa. Inachohitaji ni jina lake. Ujumbe unapotumwa kwa jina ambalo halina mwenyewe kwa wakati huo, D-Bus hutafuta faili ya huduma yenye jina hilo ndani ya /usr/share/dbus-1/services/, huianzisha programu iliyotajwa humo, huuhifadhi ujumbe kwenye foleni, kisha huukabidhi mara programu inapolichukua jina lake. Faili yenyewe ni fupi:

[D-BUS Service]
Name=mfano.duka.Stakabadhi
Exec=/usr/bin/stakabadhi --gapplication-service

Kwa kuwa unatumia GTK, sehemu kubwa ya kazi umekwisha kufanyiwa na Gio.Application, sehemu inayosimamia kuanza kwa programu. Ukiipa kitambulisho mfano.duka.Stakabadhi, nakala ya pili ikianzishwa huipelekea ya kwanza ombi lake na kujifunga, na hapo ugomvi wa hifadhidata utakuwa umekwisha.

Kwa upande wa jibu, tangaza mbinu yako mwenyewe, yaani kazi ambayo programu nyingine inaweza kuiita, tuseme TengenezaStakabadhi, yenye saini (maelezo ya aina za data inazopokea: s ni maandishi, a ni orodha, u na x ni nambari kamili) sa(sux): jina la mteja, kisha orodha ya bidhaa ambamo kila bidhaa ina jina, idadi na bei. Bei nimeiweka kuwa nambari kamili kwa makusudi, kwa maana fedha haihesabiwi kwa desimali za kukadiria. Mbinu hiyo irudishe s, yaani nambari ya stakabadhi. Faili ya muda haitakuwa na kazi tena.

Kuna mahali pamoja ambapo wengi hukwama. Kiolesura chako, yaani orodha ya mbinu zako, kitangaze ndani ya do_dbus_register, inayoitwa programu inapojiandikisha kwenye D-Bus, wala si ndani ya do_activate, inayoitwa programu inapofunguliwa. Programu ikiamshwa na D-Bus, huenda do_activate isiitwe kabisa, na ujumbe wa kwanza utajibiwa kwamba mbinu hiyo haipo, ilhali ukiifungua programu kwa mkono kila kitu kinafanya kazi. Vilevile, usishtuke ukiijaribu ile amri ya Exec kwenye terminali na kuona programu inajifunga: katika hali ya huduma hungoja hadi sekunde 10 ili ipate ujumbe wa kwanza, na usipofika huondoka.

Dirisha_la_Nyuma

Naongezea mawili. Ikiwa kompyuta inatumia Wayland, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, programu iliyoamshwa haiwezi kujisogeza mbele ya nyingine kwa hiari yake. Programu ya ghala inapoita mbinu ya Activate ya org.freedesktop.Application, iweke tokeni (kibali cha kuleta dirisha mbele) chini ya jina activation-token kwenye data za ziada, la sivyo dirisha la stakabadhi laweza kubaki nyuma na muuzaji atabonyeza tena. La pili ni kwamba kazi zinazoendeshwa na cron, kipanga ratiba cha Linux, hazirithi anwani ya D-Bus ya mtumiaji, hivyo ripoti ya usiku ikitaka kutumia mbinu hiyohiyo ni lazima uipe anwani hiyo waziwazi.

Iwapo tawi jingine la duka linatumia Windows, usitarajie kuikuta D-Bus huko. Wazo, hata hivyo, ni lilelile: COM, njia ya Windows ya programu kuitana, iliyokuja mwaka 1993, huandikisha programu kwenye rejista ya mfumo, na Windows yenyewe huianzisha inapoitwa. Kabla yake kulikuwa na DDE, njia ya zamani ya programu kubadilishana data, ambayo sioni sababu ya mtu kuianza leo. Baada ya wadukuzi kuitumia kupitia nyaraka za Word, Microsoft iliizima kwenye Word mwezi Desemba 2017.

Mtunza_Ghala

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nakala sasa ni moja tu, na nambari ya stakabadhi inarudi kama nilivyotaka. Limebaki jambo moja: karatasi ikiisha kwenye printa, programu ya ghala hungoja kwa muda, kisha huonyesha kosa la muda kuisha, ingawa stakabadhi huchapishwa mara karatasi inapowekwa. Je, niongeze muda wa kungoja?

Nyuzi_na_Nyaya

Usiuongeze. Muda wa kawaida wa kungoja jibu ni sekunde 25, lakini kuisha kwake humfikia aliyeita peke yake. Aliyeitwa huendelea na kazi yake kana kwamba hakuna lililotokea. Muuzaji akiona kosa atabonyeza tena, na mteja atatolewa stakabadhi mbili kwa mauzo mamoja.

Ifanye mbinu irudishe nambari ya stakabadhi mara tu inapoihifadhi kwenye hifadhidata, kabla ya kugusa printa. Uchapishaji ukikamilika, au ukishindikana, programu ya stakabadhi itoe ishara, yaani tangazo kwenye D-Bus lisilongoja jibu, yenye nambari hiyohiyo, nayo programu ya ghala, ambayo itakuwa inaisikiliza ishara hiyo, ibadilishe alama iliyo kwenye mauzo husika. Ongeza pia nambari ya mauzo kwenye saini, iwe ssa(sux), ili ombi likirudiwa kwa mauzo yaleyale irudishwe stakabadhi iliyokwisha kutolewa badala ya kutengenezwa nyingine.