Mzazi anaitwa shule kwa michango tu?

MamaPacha:
Jamani habari zenu, mwanangu yuko darasa la tatu shule ya serikali, tangu mwaka uanze nimeitwa vikao vitatu na vyote ni hela ya uji na mlinzi, maendeleo ya mtoto hakuna anayegusia. Juzi nafungua daftari la hesabu nakuta kurasa nne hazijasahihishwa. Nianzie wapi bila kuonekana mkorofi?

Babu_Kijiweni:
Pole dada. Elimu bila ada ilipoanza 2016 wengi tulielewa ni bure kila kitu, kumbe sare, madaftari na msosi bado ni juu yetu, ndo maana vikao vinaishia hapo. We nenda siku ya kawaida, usisubiri kikao, umuone mwalimu wa darasa.

Ticha wa Chaki:
Mi ni mwalimu, darasa langu lina watoto 94, kusahihisha yote kila siku siwezi, nisiwadanganye. Ila mzazi akija na daftari mkononi akaniuliza kwa upole, yule mtoto simsahau tena. Wazazi wengine tunaonana siku ya kugombana tu 😅

Dula wa Bodaboda:
Kamati ya shule ina wawakilishi wa wazazi, waulize hao wakuoneshe na matumizi ya huo uji.

MamaPacha:
Asanteni, kesho asubuhi naenda na daftari. Ticha, 94?? Mungu awatie nguvu aisee