Naomba ushauri: kundi la wafugaji limejaa, fujo zimezidi

Habari zenu wakuu. Ni msimamizi wa kundi la WhatsApp la wafugaji wa kuku wa kienyeji hapa Morogoro. Tulianza watu 40 tunaofahamiana, sasa tuko 870 na kikomo ni 1,024. Wengi wameingia kwa kiungo kilichosambazwa ovyo.

Juzi usiku mama mmoja aliweka picha ya vifaranga walioshusha mbawa, kinyesi kijani, akiuliza kama ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku. Chini yake yakamiminika matangazo ya mikopo, kamari na matusi ya mpira. Swali likafunikwa hadi asubuhi. Kati ya vifaranga 60 alibaki na 6. Imeniuma sana.

Nimebadilisha kiungo, nimeweka idhini kwa wanaoingia na kuwatoa watu 15. Wengine wanarudi kwa namba nyingine. Nilipofunga kundi, wasimamizi pekee tuandike, fujo ziliisha ila na maswali yakafa.

Je, nigawe kundi kwa kata au nibaki na moja niongeze wasimamizi? Na mgeni mnamuuliza nini kabla ya kumkubali, ili tapeli ajulikane bila kumkatisha tamaa mfugaji wa kweli?