Sangara 4, sato 6: kwa mkono napata 1.2, kompyuta inasema 0.784. Nakosea wapi?

Nyakato_Hesabu: Wakuu, msaada. Beseni pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, lina samaki 10: sangara 4, sato 6. Unatoa 3 bila kuangalia. Uwezekano wa kupata angalau sangara mmoja ni upi? Nimechagua sangara mmoja (njia 4), kisha wawili kati ya 9 waliobaki (njia 36). 4 × 36 = 144; kugawa kwa njia zote 120, 1.2. Nikaigiza kwa Python (lugha ya kuandikia programu) mara 100,000, kila jaribio random.choice, amri ya kuchagua mmoja kwa bahati nasibu, mara tatu: 0.784. Nishike lipi?

Mwalo77: Usishike hata moja. 1.2 inajikataa yenyewe, uwezekano hauvuki 1. Ya hatari ni hiyo 0.784, maana inafanana na jibu.

Waite sangara A, B, C, D. Kundi la A, B na sato fulani umelihesabu ukianza na A, ukalihesabu tena ukianza na B. Tenganisha: sangara mmoja, 4 × 15 = 60; wawili, 6 × 6 = 36; watatu, 4. Jumla 100, na 100/120 = 0.8333. Wewe makundi ya wawili umeyahesabu mara mbili, ya watatu mara tatu: 60 + 72 + 12, ndiyo 144 yako.

Igoma_Namba: Ukiona "angalau", anzia upande wa pili: kukosa sangara kabisa ni 20/120, basi jibu ni 5/6. Mstari mmoja tu.

Kwenye kompyuta, random.choice inamrudisha samaki beseni kabla ya kutoa mwingine. 1 − 0.6³ = 0.784, umejibu swali jingine kwa usahihi! Tumia random.sample(beseni, 3), inayotoa watatu bila kurudisha, beseni likiwa orodha ya samaki wote 10. Hata ungefanya majaribio milioni ungezidi kuisogelea 0.784 ileile.

Nyakato_Hesabu: Sasa 0.8327. Bado kuna kosa? Na darasa lisilo na kompyuta?

Mwalo77: Hakuna kosa. Kwa majaribio 100,000, kuyumba kwa 0.002 ni kawaida.

Darasani chukua vizibo 10 vya soda, 4 uvitie alama, tumbukiza kwenye mfuko usioonyesha. Tikisa, chomoa 3, andika, rudisha vyote ndipo utikise tena. Kwa majaribio 60 tarajia karibu 50 yenye angalau kizibo kimoja chenye alama. Wakipata 45 au 55 wasishtuke. Alama iwe ya kalamu, si rangi nzito: vidole vikihisi tofauti, mwanafunzi anachagua bila kujua.