Prof Dubernard wa Lyon: mkono wa kwanza ulikatwa tena, mbona bado anaitwa gwiji?

mdadisi_mkuu (mleta mada)
Wakuu salama? Jana nimekesha nasoma kuhusu profesa wa upasuaji wa Ufaransa anaitwa Jean-Michel Dubernard, yule ambaye timu yake pale Lyon Septemba 1998 ilichukua mkono wa marehemu ikampandikizia mtu mzima aliye hai. Kilichonichanganya ni kwamba mgonjwa huyo, Clint Hallam wa New Zealand, alikaa na mkono miaka miwili na ushee tu, Februari 2001 ukakatwa London, na aliyeomba ukatwe ni yeye mwenyewe! Sasa mbona huyu mzee anasifiwa hivyo? Fundi akinijengea nyumba ikavunjwa mwaka wa tatu mimi simwiti gwiji. Au kuna kitu kimenipita, wenye uelewa naomba darasa, matusi hapana.

zamu_ya_usiku
Mkuu mfano wako una walakini, nyumba haikuanguka, mwenye nyumba ndo aliacha kuitunza. Mimi nahudumia waliopandikizwa figo, na wimbo wetu asubuhi mpaka jioni ni dawa, dawa, dawa. Mwili haujui kwamba umesaidiwa, wenyewe unaona mgeni kaingia, basi unampiga vita mpaka atoke, na vidonge vya kushusha kinga unameza kila siku ya maisha yako, ukiruka ruka umekwisha. Sasa figo ikianza kukataliwa tunajua kwa vipimo, mgonjwa anaweza asihisi chochote, ila mkono uko nje unauona: madoa mekundu, ngozi inavimba, inabambuka. Hallam aliacha dawa. Na alisema wazi kwamba akili yake imejitenga na ule mkono, hauoni kama wake. Tusimcheke jamani, figo iko ndani huioni, mkono unakula nao, unasalimia nao watu, na ule ulikuwa mkubwa kuliko mwenzake na rangi haifanani.

Operesheni yenyewe ilichukua kama masaa 13 na ilikubali. Unaanza na mfupa, unaufunga kwa vyuma, ndo uunganishe mishipa ya damu ili nyama isife, kisha kano zinazovuta vidole na mishipa ya fahamu, ngozi mwisho. Mishipa ya fahamu inaota kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo usitegemee mtu aamke kesho yake ahisi baridi ya glasi, ni miezi mingi ya mazoezi.

Babu_Kitabu
Niongezee upande wa mtu mwenyewe maana watu wanadhani alikuwa fundi wa mikono. Hapana, Dubernard kwa taaluma ni mpasuaji wa figo na njia ya mkojo! Kazaliwa Lyon 1941, na Lyon sio mji wa mchezo kwenye mambo haya, ndiko alikotokea Alexis Carrel aliyepata Nobel 1912 kwa kuonyesha namna ya kushona mishipa ya damu. Kijana miaka ya 60 akaenda Boston kwa Joseph Murray, yule aliyefanikisha figo ya pacha kwa pacha 1954, akarudi na moto wake. 1976 wakapandikiza kongosho. Shida ya kongosho ni kwamba linatoa ile juisi ya kumeng'enya chakula, ukilihamisha hujui juisi uipeleke wapi, wao wakaziba ule mfereji kwa neoprini, mpira wa kiwandani kabisa, juisi ikome na insulini iendelee kuingia kwenye damu. Nikiisoma hiyo mpaka leo nacheka peke yangu.

Halafu bado mwanasiasa, kakaa bungeni kwao 1986 mpaka 2007 chama cha mrengo wa kulia, huku bado profesa hospitali ya Édouard Herriot. Sijui alikuwa analala saa ngapi.

sauti_ya_pili
Tusimpambe sana. Timu ya kule Louisville Marekani nayo ilikuwa inajiandaa, yao wakaifanya Januari 1999, kwa hiyo ule wa Lyon mimi nauita mbio za nani awe wa kwanza. Na kwenye mbio ukampata mgonjwa gani? Hallam mkono ulikatwa na msumeno wa umeme 1984 akiwa GEREZANI kwa utapeli, na haya yakaanikwa na magazeti operesheni ikiwa imeshapita. Unatafuta mtu wa kumeza dawa maisha yake yote bila kukosa, kitu cha kwanza si umchunguze tabia? Isitoshe huo mkono sio figo wala moyo, bila mkono mtu anaishi, lakini hizo dawa zinaleta maambukizi na hata kansa. Unamhatarisha mtu mzima wa afya kwa ajili ya vidole. Hilo swali liliulizwa na madaktari wenyewe wakati ule, sio mimi nimelitunga.

Babu_Kitabu
@sauti_ya_pili kuhusu kuchagua mgonjwa sina ubishi, hapo waliteleza. Ila ona waliyofanya baadaye. Januari 2000 wakampandikizia Denis Chatelier mikono YOTE miwili, huyu alikuwa mpaka rangi, mikono ilimtoka 1996 na roketi ya kujitengenezea. Dawa anameza, mazoezi anafanya, mikono ikamkubali akawa anafanya shughuli zake. Mtu asiye na mkono hata mmoja, anayelishwa, anayefungwa vifungo na mwenzake, mwambie yeye "vidole tu" usikie atakujibu nini.

Tena Novemba 2005 kule Amiens akashirikiana na mpasuaji Bernard Devauchelle kupandikiza sehemu ya uso kwa mara ya kwanza duniani, kwa yule mama Isabelle Dinoire aliyetafunwa na mbwa wake, pua, midomo na kidevu. Hapo mkasi alishika zaidi Devauchelle, Dubernard kazi yake ilikuwa upande wa kinga ya mwili. Mama kaishi na ule uso mpaka 2016.

mdadisi_mkuu
Aisee nimewaelewa, nusu. Kwa Chatelier navua kofia, kwa Hallam nabaki na sauti_ya_pili. Kwa huyo mama wa uso nimeona wanasema alishonewa kipande cha ngozi ya marehemu chini ya titi, nikabaki mdomo wazi, uso na titi wapi na wapi??

zamu_ya_usiku
Hahaha hicho ni kipande cha ulinzi mkuu. Ili ujue kama mwili unakataa inabidi ukate kinyama kidogo ukakipime kwenye hadubini, tena mara kwa mara. Sasa utakuwa unamkata usoni kila mara wakati ndo kwanza umempa uso? Ngozi ya chini ya titi imetoka kwa marehemu yule yule, kwa hiyo wanapima pale kwenye kujificha na kovu halionekani. Ngoja nikimbie, kengele ya wodini inalia.