Mrejesho: Malya au BCom? Nimeshachagua

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kama niende chuo cha michezo Malya kwenye stashahada ya uongozi wa michezo au nichukue BCom (shahada ya biashara) pale UDSM, maana nataka kazi za ofisi ya klabu. Wengi mlisema BCom. Nimesharipoti Mlimani, na uhasibu unanitoa jasho kwelikweli.

Aliyenishauri nijitolee klabuni, ubarikiwe. Timu ndogo tu ya mtaani. Jumamosi nilipewa daftari la mauzo ya jezi: majina, saizi, na "atalipa" kila mstari. Nikalihamishia Excel. Jezi 41 zimetoka, zilizolipiwa 17! Katibu kanyamaza, kisha kaniuliza nitakuja lini tena.

Malya sijaifuta. AFCON ya 2027 tunaiandaa na Kenya na Uganda, watu watahitajika.