Straika mkongwe anafunga kila wiki: aitwe timu ya taifa au nafasi apewe kijana?

Krosi_Ndefu
Wakuu, nafasi imebaki moja kwenye kikosi. Mkongwe ana miaka 35 na anaongoza kwa mabao kwenye ligi. Kijana ana 21, mbio anazo, ila mabao yake bado ya kuhesabu. Mimi namwita mkongwe bila kusita. Fomu ni ya leo, haiwekwi akiba. Italia walimrudisha Fabio Quagliarella Machi 2019 akiwa na miaka 36, akafunga penati mbili dhidi ya Liechtenstein, na msimu ule akaibuka mfungaji bora wa Serie A, ligi kuu ya Italia, kwa mabao 26.

Beki_Wa_Zamani
Mkuu, malizia hadithi. Euro, kombe la mataifa ya Ulaya, ilipochezwa 2021 Quagliarella hakuwemo, na Italia wakabeba kombe. Halafu yupo Luca Toni, straika mwingine wa Italia: msimu wa 2014/15 alimaliza kinara wa mabao wa ligi hiyohiyo, mabao 22 sawa na straika Mauro Icardi, akiwa ametimiza miaka 38. Hakuitwa. Mimi nimecheza beki wa kati miaka mingi. Straika mzee hunitesa ndani ya kumi na nane, hilo nakubali. Lakini nikiwa na mpira mguuni ananiacha nipumue, nainua kichwa, napiga pasi ninayoitaka. Kijana hanipi nafasi hiyo. Kwenye ligi wenzake hukimbia kwa niaba ya mzee kwa sababu wamemzoea. Timu ya taifa inafanya mazoezi siku chache tu, hakuna muda wa kuzoeana.

MamaSoka
Mbona mnabishana kama vile lazima aanze? Mwiteni, akae benchi, aingie mabeki wakiwa wamechoka. Hapo hoja ya Beki kwamba mzee hamkimbizi beki mwenye mpira inakufa yenyewe, maana hatakimbia dakika zote 90.

Roger Milla wa Kameruni, Kombe la Dunia 1990, alikuwa na miaka 38. Mabao yake yote manne aliyafunga akitokea benchi, mawili kwa Romania, mawili kwa Kolombia kwenye dakika za nyongeza, Kameruni ikafika robo fainali. Karibu zaidi na swali letu ni Joselu: Hispania walimwita kwa mara ya kwanza Machi 2023, siku chache kabla hajatimiza 33. Aliingia mwishoni dhidi ya Norwei akafunga mawili. Juni, nusu fainali ya Ligi ya Mataifa ya Ulaya, akaingia tena na kuwafunga Italia dakika ya 88. Kocha alijua anamwitia nini, na mimi ndilo ninalolipima kwanza, kabla ya umri.

Winga_Kushoto
Dada, huyohuyo Milla alirudi Kombe la Dunia 1994 akiwa na miaka 42. Alifunga, ndiyo, lakini Urusi walishinda 6-1 na Kameruni wakashika mkia kwenye kundi. Kumwita mkongwe mara moja ni sawa, kumzoea ndiko kunakoziba njia ya vijana.

Na kabla ya kumwita tuyachambue mabao yake. Penati ngapi? Krosi ngapi kutoka kwa winga mmoja ambaye timu ya taifa haina? Ukiyatoa hayo akabaki bado juu ya wenzake, mimi niko upande wenu.

Krosi_Ndefu
Hoja ya winga imenigusa, nakiri sikuifikiria. Kuhusu kuanza, namfuata MamaSoka. Ila kuziba njia sikubali. Fainali ya Kombe la Dunia 2014 Miroslav Klose wa Ujerumani alikuwa na miaka 36, ndiye aliyeanza. Dakika ya 88 akatoka, akaingia Mario Götze wa miaka 22, na dakika ya 113 Götze akafunga bao la ubingwa wa Ujerumani. Mzee alianza kazi, kijana akaimaliza.

Beki_Wa_Zamani
Huo mfano naupokea. Basi sharti langu ni moja: kocha amwambie uso kwa uso, kabla orodha haijatangazwa, kwamba anaitwa kuingia dakika ya 70 na si vinginevyo. Akiridhia, apewe jezi. Akisitasita tu, kijana afungashe begi.